Kujaza Risasi Nyepesi za .38 Special kwa Mchezo wa Kikauboi: Mwongozo wa Anayeanza

Kila msimu wakija watu wapya kwenye mchezo wa shabaha wa kikauboi, maswali ni yale yale. Nianze na mashine gani? Niweke baruti kiasi gani? Kwa nini bunduki yangu inakwama? Na hili ambalo halikosi: risasi nyepesi si ndiyo salama zaidi? Kujibu kipande kipande kunachosha, basi nimeyaweka yote hapa. Hilo la mwisho nalijibu kabisa: hapana. Risasi nyepesi, yaani yenye baruti kidogo, inaliachia bega lako lipumzike, lakini pale mezani pa kujazia ndiyo inayotaka macho zaidi kuliko nzito. Sababu utaikuta kwenye hatua ya 7, na kama una haraka ya kusoma sehemu moja tu, soma hiyo.

Mchezo wenyewe ni wa Marekani, na kanuni zake kuu hutoka Single Action Shooting Society, chama kilichoanzishwa mwaka 1987 huko California. Washiriki huvaa kama watu wa enzi za farasi, hujisajili kwa majina ya kujipachika, na hutumia silaha za mtindo wa karne ya 19: bastola mbili za silinda ambazo nyundo unaivuta kwa kidole kila unapotaka kupiga, bunduki ya wenzo inayokula risasi za bastola, na bunduki ya marisau. Shabaha ni mabamba ya chuma, tena ya karibu. Raundi ya kawaida hula risasi 10 za bastola na 10 za bunduki. Raundi sita ni risasi 120 kwa siku moja, na hapo mazoezi hujayahesabu. Ndiyo maana watu hujaza wenyewe: huchukua ganda lililokwisha kupigwa, wakalitia fataki mpya (kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), baruti, na kichwa (kile kipande cha mbele kinachoruka).

Nimechagua risasi ya bastola iitwayo .38 Special kwa sababu ganda lake limenyooka, linapatikana kila uwanja, na risasi moja hiyo hiyo inalisha bastola na bunduki. Mwenye .44-40 asubiri kidogo. Lile ganda lina shingo, linataka mafuta kabla ya kubanwa, na si la kujifunzia. Marisau pia siyagusi hapa.

Sheria, kabla hujanunua hata skrubu

Marekani, sheria ya shirikisho haimtaki leseni mtu anayejaza risasi zake mwenyewe. Ukijaza za kuuza, mambo yanabadilika: hapo unahesabiwa kuwa mtengenezaji, na leseni inahitajika. Kwa hiyo rafiki akikuambia "nijazie boksi mbili nitakurudishia hela", mkatalie kwa upole. Jimbo na mji wako vinaweza kuwa na masharti ya ziada, na mkataba wako wa nyumba pia. Wapangaji wengi hawausomi ukurasa unaokataza vitu vya kulipuka.

Kama uko Marekani kwa viza ya masomo, ya kazi ya muda au ya matembezi, ujue kwamba kwa jumla sheria ya shirikisho inakukataza kuwa na silaha na risasi, isipokuwa ukiingia kwenye msamaha mmojawapo, mathalani kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwenye ukaazi wa kudumu hayumo kwenye katazo hilo. Jambo hili muulize wakili, usimuulize jamaa wa uwanjani, hata awe na kofia kubwa namna gani.

Walioko nyumbani Afrika Mashariki: mwongozo huu si wa huko. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai kwote kuwili. Na wewe unayekwenda likizo Dar au Nairobi, baruti na fataki hazipandi ndege, si mkononi wala kwenye sanduku. Usijaribu kabisa.

Kanuni za mchezo zinazogusa kujaza

Kichwa cha risasi lazima kiwe cha madini ya risasi matupu, kwa sababu shabaha ni chuma na iko karibu. Kilichovikwa shaba hakiruhusiwi. Kilichopakwa rangi ngumu ya plastiki kinakubalika, na mimi nakipenda hicho kwa kuwa moshi wake ni mdogo na vidole havichafuki sana.

Mwendo: bastola isizidi futi 1000 kwa sekunde, bunduki isizidi 1400, na hakuna risasi inayoruhusiwa kwenda chini ya 400. Juu ya hapo kuna kipimo cha nguvu, ambacho lazima kifike 60. Hesabu yake ni rahisi: uzito wa kichwa kwa greni (kipimo kidogo cha uzito, kama 15 kwa gramu moja), mara mwendo kwa futi, gawa kwa 1000. Kichwa cha greni 125 kikienda futi 600 kinapata 75, umepita vizuri. Kichwa cha greni 105 kikienda futi 550 kinapata 57.75, umeanguka. Wapya wengi hukimbilia kichwa chepesi na baruti kidogo kwa pamoja, kisha wanashangaa.

Vitu vya kuwa navyo

Presi ya kazi moja, yaani ile ambayo kila ukivuta mkono inafanya jambo moja tu. Utaambiwa ununue ile ya mzunguko inayofanya yote kwa mpigo na kutoa mamia ya risasi kwa saa. Itakuja wakati wake. Kwa anayeanza, mashine inayofanya mambo manne kwa wakati mmoja inaweza kukosea mambo manne kwa wakati mmoja, na wewe unatazama moja.

Seti ya kalibu za .38 Special, yaani vyuma vinavyofungwa kwenye presi kulipa ganda umbo, zenye pete ya kabaidi (hizi hazihitaji mafuta kwenye ganda), na kishikio cha ganda kinacholingana nazo. Kalibu ya nne, ya kubana mdomo peke yake, ni gharama ndogo na inaokoa maudhi mengi.

Mizani ya baruti, pamoja na kijiwe cha uzito unaojulikana cha kuihakiki. Kipimio cha baruti. Kalipa ya kupimia urefu na kipenyo. Kibao cha matundu 50 cha kusimamishia maganda. Tochi ndogo. Nyundo ya kung'olea vichwa, maana utakosea na utahitaji kufungua. Kifaa cha kushindilia fataki. Miwani ya kukinga macho, ambayo inavaliwa, haining'inizwi shingoni.

Kwa upande wa malighafi: maganda, fataki ndogo za bastola, baruti, na vichwa vya inchi .358 vyenye pua bapa. Pua bapa si mapambo. Kwenye bunduki ya wenzo risasi hulala kwenye bomba zikifuatana, pua ya moja ikigusa fataki ya iliyo mbele yake. Pua kali ikisukumwa na mtikisiko inaweza kuwa nyundo.

Baruti na fataki ukiagiza kwa posta utalipishwa ada ya vitu hatari, na ada ni ile ile ukiagiza kidogo au kingi, kwa hiyo watu huungana kuagiza. Ziweke kwenye makopo na pakiti zake za asili, mahali pakavu, mbali na moto, chini ya kufuli. Kanuni ya usalama wa moto inayofuatwa sehemu nyingi Marekani hukomea pauni 20 za baruti isiyo na moshi nyumbani katika vyombo vya asili. Anayeanza hana shughuli na zaidi ya pauni moja au mbili.

Na meza. Isiwe ya jikoni. Madini ya risasi ni sumu, na mabaki ya fataki zilizolipuka ndiyo mabaya zaidi kwa kuwa ni vumbi. Usile, usinywe chai, usiruhusu watoto wala mjamzito pale. Ukimaliza nawa kwa sabuni na maji baridi.

Hatua kwa hatua

1. Chagua kipimo kitabuni. Humu hutakuta kiasi cha baruti hata kimoja, na nimefanya hivyo makusudi. Kiasi hutegemea aina ya baruti, uzito na umbo la kichwa, na kina kinachokalia. Badilisha kimoja na namba imekufa. Fungua jedwali la mtengenezaji wa baruti yako. Hodgdon, kwa mfano, huweka lake bure mtandaoni. Tafuta .38 Special, kichwa cha madini ya risasi cha uzito ulio nao, na uanze na kiasi cha chini kilichoandikwa. Usikishushe zaidi ya hapo eti unataka nyepesi zaidi. Kichwa kinahitaji msukumo wa kutosha kumaliza mtutu mrefu wa bunduki, si ule mfupi wa bastola tu.

Baruti zinazowaka haraka ndizo zinazofaa kazi hii. Titegroup na Bullseye ni majina utakayoyasikia. Trail Boss ilitengenezwa kwa ajili ya mchezo huu hasa: ni vimviringo vyenye tundu katikati, inajaza ganda, na ukikosea unaona. Tatizo ni kuipata. Miaka ya karibuni imeadimika. Ukiipata usiikandamize na kichwa, maana presha hupanda. Upande wa pili kuna H110, baruti ya risasi nzito, ambayo Hodgdon wenyewe wanaonya isipunguzwe. Hiyo iache dukani. Na baruti ya kopo lisilo na jina, hata upewe bure na mzee unayemheshimu, ni mbolea ya bustani.

2. Chambua na safisha maganda. Soma maandishi ya kitako cha kila ganda. Yale ya .357 Magnum hujichanganya humu na yanafanana sana, ila ni marefu kwa kama inchi 0.135. Ya aluminiamu tupa. Kisha chukua machache uyatikise kiganjani: lililopasuka mdomo halilii kama wenzake, sauti yake ni kama kopo bovu. Sikio likizoea utalikamata kabla ya jicho.

Kusafisha ni kwa mashine ya kutikisa yenye chembe za magunzi ya mahindi, au kwa maji. Ukitumia magunzi, funika na ufungulie nje, maana vumbi lile ndilo nililolitaja juu. Ukitumia maji, yakauke kabisa hadi kitakoni.

3. Rudisha ganda kwenye kipimo. Kalibu ya kwanza hubana ganda lililovimba na papo hapo sindano yake husukuma nje fataki ya zamani. Zikusanye fataki hizo kwenye kikopo, zisitapakae kwenye zulia. Ukihisi sindano imegota, usilazimishe, chungulia ndani. Kuna maganda yenye vitundu viwili vidogo badala ya kimoja katikati, na hayo huvunja sindano.

4. Panua mdomo. Kidogo tu, kiasi cha kichwa kukaa wima bila kuanguka. Ukipanua kidogo mno, ganda litakwangua kichwa na utaona nyuzi za kijivu zimejikunja mdomoni. Ukipanua mno, mdomo utapasuka mapema na hilo ganda limekwisha.

5. Tengeneza risasi bubu kwanza. Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, kisha wanakuja kuuliza kwa nini wana risasi 300 zisizopita kwenye bunduki. Chukua maganda sita yaliyofika hapo, bila fataki, bila baruti. Kalisha kichwa hadi ule mfereji wake wa kubania ufikie mdomo wa ganda. Halafu, kwa kalibu tofauti, bana mdomo uingie ndani ya mfereji.

Pima urefu wote kwa kalipa. Kikomo cha .38 Special ni inchi 1.550, lakini kikomo hicho hakikuambii bunduki yako inataka nini. Kwenye bunduki za mtindo wa 1873 risasi hupandishwa na kitofali cha shaba chenye nafasi ya risasi moja. Ikiwa ndefu mno haikai ndani yake. Ikiwa fupi mno, ile inayofuata kwenye bomba inaingiza pua yake, na kitofali hakipandi. Ndiyo maana bunduki iliyoandikwa .357, ambayo risasi yake inaruhusiwa kufika inchi 1.590, mara nyingine huchagua .38 kama mtoto anayechagua mboga.

Zipitishe zote sita, mtutu ukielekea upande salama na pasiwe na risasi hai hata moja kwenye chumba ulichomo. Vuta wenzo polepole, kisha kwa kasi ya mashindano. Zikipita, andika urefu huo na ukaze kufuli za kalibu. Bubu mbili zitie alama ya rangi uzitunze. Siku kalibu ikilegea zitakurudisha mahali pako.

6. Weka fataki. Miwani usoni, mikono haina mafuta. Shindilia mpaka uhisi imegota, halafu pitisha kidole kitakoni: fataki iwe chini kidogo ya usawa wa ganda, isijitokeze hata kama unywele. Iliyojitokeza huzuia silinda kuzunguka, na kwenye bomba la bunduki ni hatari. Fataki usizimwage kwenye chupa au kikopo. Nyingi zikiwa pamoja, moja ikilipuka zote zinalipuka. Na ukigundua imekaa juu baada ya kujaza baruti na kukalisha kichwa, usiisukume kwa presi. Ifungue risasi, uanze upya.

7. Baruti. Zima simu. Zima redio. Mtoto akiita, mwache aite au uache kazi yote.

Sababu ni hii. Ganda la .38 Special limetokana na enzi za baruti nyeusi, ambayo ilijaza nafasi. Baruti ya kisasa unayotumia kwa risasi nyepesi inakaa chini kabisa, kama chumvi kwenye kikombe, na juu yake pamebaki pango. Ukimimina mara mbili, pango bado linazipokea. Kichwa kitakaa vizuri, kitabanwa vizuri, risasi itafanana na wenzake kwa kila kitu. Siku ya kupiga, presha inaweza kupasua silinda. Risasi nzito yenye baruti ya taratibu haikupi nafasi hiyo, kwa sababu ukiizidisha inafurika mezani.

Kosa la pili ni kinyume chake: ganda lisilo na baruti. Fataki peke yake ina nguvu ya kukisukuma kichwa hadi ndani ya mtutu kikaganda hapo. Ukipiga nyingine nyuma yake, mtutu unavimba au unapasuka.

Basi fanya hivi. Mezani pawe na kopo moja tu la baruti. Ihakiki mizani kwa kijiwe chake, na uangalie inasoma greni, si gramu. Gramu moja ni kama greni 15.4, na mizani za kielektroniki hubadilika kwa kugusa kitufe kwa bahati mbaya. Rekebisha kipimio, mimina mara kumi ukipima kila mara, ukiridhika ndipo uanze. Hapo kati endelea kupima kila la kumi.

Maganda matupu yakae upande wa kushoto, mdomo chini. Unachukua moja, unaligeuza, unalijaza, unaliweka kwenye kibao upande wa kulia. Lililolala kifudifudi haliwezi kuwa na baruti, na lililo kwenye kibao halirudi kushoto. Ukikatizwa katikati na huna hakika umefika wapi, usikisie: rudisha baruti ya ganda ulilokuwa nalo kwenye kopo, ulijaze tena.

Yakifika 50, shika tochi uinamie kibao na umulike mstari kwa mstari, ukichungulia ndani ya kila ganda. Hutafuti kiasi kamili, unatafuta lisilofanana na majirani zake. Jicho ni hodari sana kwa kazi hiyo. Likikutia shaka hata moja, lipime.

8. Kalisha vichwa na ubane. Fanya mara baada ya kumulika, bila kwenda kula kwanza. Kalisha vyote 50 kwa kalibu ile uliyoifunga kwenye hatua ya 5, kisha badilisha kalibu ubane vyote. Kubana kuna kazi mbili hapa. Kunazuia kichwa kusukumwa ndani na springi ya bomba la bunduki, na kunaishikilia baruti kidogo hiyo iwake sawasawa kabla kichwa hakijaondoka.

9. Kagua. Bunduki na bastola zikiwa zimewekwa mbali, tumbukiza kila risasi kwenye kipimo cha tundu, yaani kipande cha chuma chenye tundu la saizi ya risasi: iingie kwa uzito wake na itoke ukiigeuza. Pitisha kidole kwenye fataki mara ya mwisho. Wapo wanaodhani wataigundua risasi isiyo na baruti kwa kuipima uzito ikiwa nzima. Haifanyi kazi. Maganda na vichwa hutofautiana kwa uzito kiasi cha kuficha tofauti ya kipimo kidogo hivyo cha baruti. Ndiyo maana tochi ya hatua ya 7 haina mbadala.

10. Andika. Kwenye boksi: tarehe, baruti na kiasi chake, fataki, kichwa na uzito, urefu. Usipoandika leo, miezi mitatu ijayo boksi hilo ni fumbo, na risasi za fumbo hazipigwi.

11. Zijaribu uwanjani. Kundi la kwanza liwe la risasi 20, si 500. Zipime mwendo kwa kronografu (kifaa cha kupimia kasi ya risasi) katika bastola na katika bunduki pia, halafu ufanye hesabu ya kipimo cha nguvu. Jaribu na hili: elekeza mtutu chini kwa usalama kwanza, kisha inua polepole upige, mara ya pili elekeza juu kwanza, ndani ya mipaka ya uwanja, kisha shusha upige. Katika ganda lenye pango, baruti iliyolala mbele na iliyolala nyuma haziwaki sawa, na baadhi ya baruti hutofautiana sana. Kama tofauti ni kubwa, tafuta baruti nyingine.

Fahamu pia kwamba watengenezaji wengi wa silaha huondoa dhamana ukitumia risasi za kujaza mwenyewe.

Ukisikia "puf" badala ya "pa"

Simama. Usivute wenzo, usivute nyundo. Mtutu ubaki kwa shabaha, mwambie msimamizi wa saa kwamba umesikia kitu. Silaha itafunguliwa na kutolewa risasi zote chini ya uangalizi, kisha fimbo ipitishwe mtutuni. Kichwa kilichoganda hutolewa kwa fimbo ya shaba na nyundo, taratibu, na kamwe hakitolewi kwa kupiga risasi nyingine. Utapoteza raundi, na kila shabaha usiyoipiga itakugharimu sekunde 5. Lipa. Kwenye mashindano mkono una kasi kuliko sikio, ndiyo maana ukimsikia mwenzako amepiga risasi yenye sauti hafifu, pigeni kelele asimame.

Matatizo na tiba zake

*Bunduki inakwama risasi ikipanda.* Asilimia kubwa ni urefu. Rudi kwenye bubu zako ulinganishe. Kama urefu ni sawa, tazama kama kuna risasi ambayo kichwa chake kimesukumwa ndani. Hapo tatizo ni kubana.

*Maganda yanatoka na masizi upande mmoja, na moshi unakurudia usoni.* Presha ni ndogo mno, ganda halivimbi kuziba chumba cha silaha, pale risasi inapokaa wakati wa kupiga. Ongeza baruti kidogo ndani ya mipaka ya jedwali, au chukua kichwa kizito zaidi. Maganda yaliyochoka kwa kupigwa mara nyingi nayo hufanya hivi.

*Fataki hailipuki mara ya kwanza, ikipigwa tena inalipuka.* Haikugota, pigo la kwanza limemalizia kazi uliyoiacha. Lakini uliza pia kama bastola imelegezwa springi. Makauboi wengi hulegeza ili nyundo ivutike kwa wepesi, na hapo fataki ngumu hugoma. Fataki za Federal zinajulikana kwa ulaini wake, ndizo wanazozitafuta.

*Silinda inazunguka kwa shida.* Ondoa risasi zote kwanza, ndipo ukague fataki zilizojitokeza na vichwa vilivyochomoza mbele. Kama zote ni sawa, ni uchafu: futa uso wa silinda na mhimili wake.

*Kichwa kinazunguka ukikishika kwa vidole.* Ama ganda halikubanwa kwenye hatua ya 3, ama umepanua mno, ama ganda ni jembamba. Kubana mdomo zaidi hakutibu hili. Zifungue.

*Ganda limejikunja chini ya mdomo, haliingii kwenye chumba cha silaha.* Umebana kabla kichwa hakijamaliza kushuka, au kalibu imeshushwa mno. Ndipo ile kalibu ya nne inapolipa gharama yake. Kama urefu wa maganda unatofautiana sana, mafupi hubanwa kidogo na marefu hujikunja; yatenge kwa kalipa, marefu yakatwe.

*Mtutu unajaa utando wa kijivu na risasi zinatawanyika.* Pima kipenyo cha vichwa vyako kabla ya kulaumu baruti. Kichwa chembamba kuliko mtutu huacha gesi ipite pembeni na kuyeyusha madini. Vichwa vigumu mno kwa presha ndogo hufanya vivyo hivyo, kwa kuwa havitanuki kuziba. Kwa risasi nyepesi nunua vilaini au vilivyopakwa.